Tupeane uzoefu: sentensi ya Kiingereza inakwama wapi kwetu watu wa Kanda ya Ziwa?

Mwanzisha uzi, Igoma

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni wa walimu, wafasiri, waongoza wageni na yeyote anayefanya kazi na Kiingereza kila siku hapa Mwanza. Lafudhi tuiache pembeni. Tuweke makosa ya kupanga viwakilishi (kama "he" na "it"), vitenzi na vihusishi (kama "to" na "on"), yanatoka wapi na yanarekebishwaje. Mtoto anayetoka darasa la saba kwenda kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza ghafla, na wengi hawajawahi kuelezwa sentensi yake inajengwaje. Inaniuma sana hiyo.

Naanza na mzizi wa tatizo. Kitenzi chetu kinabeba kila kitu. "Nitakununulia" ni neno moja, lakini ndani yake yumo mtendaji, "ni". Upo wakati, "ta". Yumo mtendewa, "ku". Lipo tendo lenyewe. Na ile "li" inasema tendo ni kwa ajili ya mtu. Kiingereza kinataka kila kipande kisimame chenyewe na kwenye nafasi yake: "I will buy it for you." Angalieni "ku" ilikoenda. Kwetu inatangulia tendo, kwao imesukumwa hadi mwisho. Halafu kuna "it" ambayo Kiswahili hakikuitaja kabisa. Sisi tukiulizwa "umeleta risiti?" tunajibu "nimeleta", yametosha. Kwa Kiingereza "I have brought" inaning'inia, msikilizaji anasubiri kitu. Sema "I have brought it."

Zoezi ninalolipendekeza: mpe mwanafunzi vitenzi kama nilimwona, watatupigia, hajanilipa. Avikate vipande kwanza kwa Kiswahili, aandike kila kipande kinamaanisha nini, ndipo avipange upya: mtendaji, wakati, tendo, mtendewa. Akiruka hatua ya kukata, vipande vinapotea njiani.

Mwalimu wa kidato cha kwanza, Buswelu

Hapo umegusa penyewe, mkuu. Kwenye "mwalimu amefika" ile "a" ni ya lazima hata kama mwalimu ameshatajwa. Ndiyo maana madaftari yamejaa "The teacher he has arrived." Kiingereza kinataka kimoja tu, ama "the teacher" ama "he". Kosa la upande wa pili liko kwenye meseji: "Am coming", "Is raining". Hapo mtendaji kaachwa kwa sababu kwetu amejificha ndani ya kitenzi. Ile "i" ya "inanyesha" ndiyo "it", iandikwe.

"He" na "she" kila mtu anajua ni tatizo, maana Kiswahili hakibagui na Kisukuma vilevile. Kinachosahaulika ni "his" na "her". Kwetu umiliki unafuata kinachomilikiwa: kitabu chake, nyumba yake, dada yake. Mwanafunzi anaendelea na mazoea hayo hayo, anaandika "Juma and her sister" kwa kuwa dada ni mwanamke. Kiingereza kinamtazama mwenye mali. Juma ni mwanamume, kwa hiyo ni "his sister", hata akiwa na dada kumi. Fundisheni swali moja kabla ya kuandika: ni ya nani? Jinsia ya huyo ndiyo inayoamua.

Karani wa mnada wa samaki, Kirumba

Mwanzisha uzi, ile "li" ni "for" kwenye kununulia na kupikia, ila wanafunzi wasidhani ndiyo kanuni ya kila mahali. Kauli ya kutendea, yaani kitenzi kilichoongezewa kipande cha namna hiyo (andika ikawa andikia), inatawanyika ikifika kwenye Kiingereza. "Niandikie" ni "write to me". "Amehamia Nansio" ni "he has moved to Nansio". "Usikalie nyavu" ni "don't sit on the nets". "Kisu cha kukatia samaki" unaweza kusema "a knife to cut fish with", na hiyo "with" inakaa mwishoni kabisa bila kosa lolote. "Nipigie" ni "call me", kihusishi hakuna.

Kwenye biashara kinachotusumbua zaidi ni "nieleze bei", ambayo watu wanaigeuza "explain me the price". "Tell" inampokea mtu moja kwa moja, "tell me the price", lakini "explain" haimpokei, unasema "explain the price to me". Na "discuss" haitaki "about": "we discussed the price". "Reach" haitaki "to": "the boat reached Nansio". "Wait" na "listen" nazo zinadai chao: "wait for the buyer", "listen to the radio". Hakuna ujanja hapa, kitenzi ndicho kinachagua. Kwa hiyo kwenye daftari la msamiati usiandike "explain" na maana yake tu. Andika "explain something to someone", halafu mfano mmoja wa kazini kwako.

Muongoza wageni, Capri Point

Mimi naongelea mahali. Ile "ni" ya mwisho inatudanganya: nipo sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni. Kwetu neno halibadiliki, kitenzi kinamaliza kazi. Kiingereza kinabadilisha kihusishi kila mara: "at the market", "to the market", "from the market". Na "home" ukishaizoesha "to" utakosea, maana ni "go home" tu.

Kisiwa na mji havilingani. Watu wanaishi "on Ukerewe", lakini "in Nansio". Mwanza ipo "on Lake Victoria" kwa maana ya kando ya ziwa. Sangara wapo "in the lake".

Usafiri una mantiki yake pia. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on": "on the ferry", "on the bus". Daladala iende humo humo hata kama ndani umebanwa. Gari dogo na mtumbwi ni "in". Bodaboda na baiskeli ni "on" kwa sababu unakaa juu. "By" inakuja bila "the" wala "my": "by ferry", "by car". Ukitaja ni gari la nani, "by" inaondoka: "in my car". "By my car" naisikia kila wiki.

Saa sitarefusha: ongeza au punguza sita. Saa mbili asubuhi ni "at eight in the morning". Ukitaja siku, "in" inageuka "on": "on Monday morning". Usiku ni "at night".

Mchangiaji mpya, Nyegezi

Shikamooni walimu. Na "nishushe Buzuruga" inapangwaje? Naona wengine wanasema "drop off me".

Mwalimu wa kidato cha kwanza, Buswelu

Marahaba. Ni "drop me off at Buzuruga". Kitenzi cha namna hii kina vipande viwili, na kiwakilishi lazima kikae katikati: "drop him off", "pick them up". Jina lina uhuru: "pick up the visitors" na "pick the visitors up" zote sawa. Ila "look after" na "wait for" hazigawanyiki, ni "look after him". Sikiliza mkazo wa sauti: kwenye "pick them up" unaangukia "up", kwenye "wait for him" unaangukia "wait".

Mkiwa wawili: "Drop my brother and me off at Nyegezi." Wengi wanaweka "I" hapo kwa kudhani ndiyo adabu. Mtoe kaka kwenye sentensi uone. Hakuna anayesema "drop I off".