Tupeane uzoefu: riwaya ya kihistoria iliyokutuma kwa nyanya kuuliza

Bint Kibokoni
Assalam aleikum, hamjambo nyote. Uzi huu umeanzia kwenye sahani ya wali.

Nilikuwa nasoma The Rose Code ya Kate Quinn, iliyotoka 2021. Ni hadithi ya wanawake watatu, Osla, Mab na Beth, waliofanya kazi Bletchley Park kule Uingereza wakati wa Vita vya Pili, kazi ya kufumbua ujumbe wa siri wa adui. Mimi nikimaliza kitabu cha aina hii situlii, lazima nitafute yaliyotokea kweli. Ndipo nikakutana na Kilindini. Kilindini yetu hii! Wajapani walipoishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, Aprili 1942, Waingereza walikitoa Colombo kituo chao cha kunasa ujumbe, wakakileta Mombasa, wakakiweka skuli ya Allidina Visram. Wanawake wa jeshi la majini wakaja nacho. Mwaka uliofuata wakarudi zao Colombo. Na mimi nimepita mbele ya ukuta ule tangu nikiwa mtoto.

Nikamwendea nyanya, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba. "Nyanya, wawakumbuka wanawake wa Kizungu wenye sare pale Allidina?" Akanitazama weee. "Wazungu siwakumbuki. Nakumbuka mchele kukosekana." Maana Wajapani hao hao walikuwa wameichukua Burma, na mchele wa Burma ndio uliokuwa ukiletwa huku. Kwao wakala sima mchana, sima usiku. Siku ya Idi mamake akapata mchele kikombe kimoja, akaupika, akawagawia watoto tisa kwa kijiko, kila mmoja vijiko viwili. Mpaka leo nyanya akipakua wali hugonga upawa kwenye ukingo wa sufuria, mara mbili, punje isibaki. Miaka yote nikidhani ni ubahili.

Basi leteni yenu. Taja riwaya ya kihistoria ya maisha ya wanawake, ikiwa mpya ni bora zaidi, halafu utuambie ilikupeleka kwa nani, ukauliza nini. Muhtasari wa nyuma ya jalada msiniandikie, huo najisomea mwenyewe.

Ami Jahazi
Waleikum salaam binti. Mimi si mtu wa riwaya, lakini mwanangu wa kike aliniachia The Adventures of Amina al-Sirafi ya Shannon Chakraborty, ya 2023. Karne ya 12, Bahari ya Hindi, mwanamke haramia aliyestaafu akilea binti yake, anavutwa tena baharini. Mna majini, yaani mapepo, humo, kwa hiyo anayetaka historia kavu asijisumbue. Kilichonichekesha peke yangu ni kwamba kitabu ni cha Kiingereza na mama huyo anaitwa *nakhudha*. Nahodha! Neno nililolitumia miaka thelathini bila kuwaza kuwa laweza kumfaa mwanamke.

Mamangu aliletwa Mombasa kutoka Lamu kwa jahazi, msimu wa kaskazi, bi harusi wa miaka kumi na saba. Hadithi ya jahazi lenyewe naijua yote: nani alikuwa mshika usukani, tanga lilichanika wapi. Ya mamangu sikuwahi kumuuliza, na sasa ni marehemu. Nikamuuliza mama mdogo, waliyekuja pamoja. Akasema wanawake waliwekwa tezi, wakakingwa kwa tanga kuukuu. Choo kilikuwa kisanduku kinachoning'inia nje ya chombo, kila mtu aona nani aenda. Mamangu akaona haya. Akaamua asinywe maji mpaka wafike. Siku mbili. Aliposhuka Bandari ya Kale midomo imepasuka na macho yameingia ndani, na wanawake waliokuja kumpokea wakasema mashaallah, bi harusi amelilia kwao.

Hayo kitabu hakina.

Kijana wa Majengo
Ami umenimaliza na hiyo ya maji 😭

Mimi sina mpya. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, 1999. Unguja ya miaka ya hamsini, Yasmin anaozwa mzee Raza akiwa bado msichana mdogo. Imetolewa filamu 2021 lakini someni kitabu kwanza. Tena kiko kwa Kiswahili, huhitaji kuagiza Nairobi kwa basi kisha upigiwe simu ati mzigo umerowa.

Mama Watatu
Mimi nitasema nisichokipenda, inaruhusiwa? The Women ya Kristin Hannah, ya 2024, kila mtu anaisifu. Muuguzi wa Kimarekani, Frankie, vita vya Vietnam. Sehemu ya wodi ni nzuri, damu inanuka mpaka unafunga kitabu. Lakini ni vita vya Vietnam ambamo Wavietnam wenyewe wanapita kama vivuli. Nikajiuliza tukiandikiwa sisi itakuwaje. Sikumwendea nyanya yeyote, nililala.

Mwana Kengeleni
Mimi mtu wa Frere Town. Makonda wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" mchana kutwa, na nusu ya abiria hawajui kengele yenyewe bado ipo pale njia panda. Ilikuwa ikipigwa kuwaonya watumwa walioachwa huru, Wamisheni walioanzishiwa makao hapo 1875, kwamba wakamata watu wanakuja.

Kitabu changu ni Out of Darkness, Shining Light cha Petina Gappah, 2019. Livingstone amekufa 1873 huko ambako leo ni Zambia. Watu wake wanauzika moyo wake palepale, wanaukausha mwili kwa chumvi na jua, wanaubeba miezi na miezi hadi Bagamoyo. Skuli tulifundishwa Susi na Chuma, watumishi wake wawili, basi. Gappah anampa sehemu ya kwanza Halima, mpishi wa msafara, mwanamke ambaye mdomo wake haupumziki. Baadaye anazungumza Jacob Wainwright, aliyesomeshwa na wamishenari Nasik, India. Ukweli Halima akinyamaza nilimkosa, huyo Jacob anajiona sana. Wengine waliosomea Nasik ndio waliokuja Rabai na Frere Town, kwa hiyo nilikuwa nasoma jirani zetu.

Nilipokwenda kuchukua kitambulisho karani aliniuliza kabila, nikakwama. Nyanya akasema, "Andika Kengeleni." Sikumuuliza zaidi. Baada ya Halima nikamuuliza. Akaniambia nyanya yake yeye, aliyeshushwa pwani akiwa mtoto, hakufunga mlango usiku bila kuhesabu watoto kwa sauti, akimgusa kila mmoja kichwani. Alihesabu kwa lugha ya kwao. Waliobaki hawakuijua, walijua tu kichwa chako ni neno gani. Nyanya alikuwa wa nne, na neno lake analikumbuka. Anakumbuka yote hadi matano. Nimeyarekodi kwa simu.

Msambweni Girl
@Mwana Kengeleni dada yangu tuma hiyo sauti. Babangu ni Mmakonde wa Kwale, huenda akaitambua. Tafadhali usiifute.

Zamu ya Usiku
Mimi ni muuguzi, wodi ya wazazi, kwa hiyo mnajua nimesoma nini: The Frozen River ya Ariel Lawhon, 2023. Maine, Marekani, mto Kennebec umeganda, maiti imekutwa ndani ya barafu, na anayeitwa kuikagua ni mkunga, Martha Ballard. Mkunga huyo aliishi kweli. Aliandika shajara tangu 1785 hadi 1812, akaandikisha humo uzazi 816. Lawhon ameweka kesi ya mauaji ili tusilale, lakini mimi nilizipenda zile siku za kawaida. Kavuka mto, kamzalisha fulani, kalipwa, karudi kukanda mkate. Ripoti yangu ya asubuhi kabisa.

Shangazi yangu wa Kongowea alikuwa mkunga. Hakujua kusoma. Baada ya Martha nikamuuliza binamu, hivi shangazi alikuwa anahesabu? Akaingia chumbani akatoka na kopo la siagi, la zamani, limeshika kutu kwenye mfuniko. Ndani kauri. Kila mtoto kauri moja. Tukazimwaga mkekani tukazihesabu, 311. Nyingine zimetiwa alama nyeusi, kama masizi. Tulikuwa tumeshaanza kupiga kelele za furaha, ndipo binamu akaniambia, "Hizo ndizo hazikulia." Tukazitenga. Zilikuwa 19.

Mimi huandika kwenye fomu kila usiku. Siku hiyo nilikwenda kazini nikaandika polepole.

Bi Mkubwa wa Kuze
Wanangu, nawasoma tangu jana. Mwasema mazuri, lakini mbona lelemama, ngoma yetu wanawake, hatuandikiwi riwaya? Mombasa hii wanawake walikuwa na vyama, Ibinaal Watan na Banu Saada, wakishindana ngoma na mapambo na karamu, mtu yuko radhi aweke dhahabu rehani asishindwe. Yaliyoandikwa ni masimulizi ya maisha, yale yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel, wanawake watatu wa hapa hapa. Yamechapishwa kwa Kiswahili pia. Lakini riwaya? Mwenye kalamu aje kwangu, nguo za chama cha mamangu ninazo sandukuni.

Bint Kibokoni
Shikamoo Bi Mkubwa. Nakuja Jumamosi inshallah, na daftari.

Zamu ya Usiku, nakiazima hicho cha Martha, tukutane feri upande wa kisiwani ukitoka kazini. Mwana Kengeleni, chako nimekipata jana na nimeanza kumsomea nyanya, namfasiria nikienda. Tumefika pale wanaubeba mwili, Halima yumo katikati ya msafara na masufuria yake. Nikadhani amesinzia. Kumbe anasikiliza. "Watu wote hao," akasema, "mchele waliupata wapi?"