Mrejesho: Mama aliyekuwa akiacha dawa za shinikizo la damu

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliomba ushauri kuhusu mama yangu, ambaye aliacha dawa za shinikizo la damu kila alipojisikia nafuu, hadi kipimo kikafika 178/104. Nawashukuru kwa dhati. Aliyesema tumuulize kwanza sababu, badala ya kumgombeza, ndiye aliyetufungua macho: mama alivua kandambili, akatuonyesha vifundo vya miguu vilivyovimba, akasema ni dawa iliyomvimbisha. Daktari alieleza kwamba amlodipini, dawa ya shinikizo aliyokuwa akimeza, huweza kuleta uvimbe huo, akambadilishia, na uvimbe ukanywea. Sasa dawa zinakaa kando ya chupa ya chai, naye humeza kabla hajamimina kikombe cha asubuhi. Juma lililopita tulipima 138/86, na ameanza tena kwenda kwa miguu kwenye kikundi chake cha akina mama, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko tarakimu zote. Chumvi bado imetushinda, kwani ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, hajaiacha, na anapokwenda kulala msibani husahau dawa nyumbani. Mwenye njia ya kutusaidia hapo, tafadhali aniandikie.