Tupeane uzoefu: uliyejifungia taa za LED nyuma ya gari ukiwa nyumbani, yalikukuta yapi?

Baba Wawili

Wakuu, heshima kwenu. Jana usiku natoka Kibaha narudi Mbezi, mvua inachapa, mbele yangu kuna Noah. Tumefika Kiluvya, naona ile Noah inazidi kuwa kubwa. Breki sikuona. Kushtuka, imesimama na mimi nimebakiwa na nafasi ya urefu wa gari moja tu. Nikakata kushoto, matairi mawili yakaingia kwenye matope. Mke wangu alitaja jina la Mungu mara moja, akanyamaza.

Dereva alishuka, kijana mstaarabu, akaomba radhi kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia abiria wake akanyage breki tuone. Taa za pembeni giza. Juu ya namba kuna mkanda mwekundu wa LED, umewaka vipande viwili tu, kamwanga ka kibiriti. Anasema aliufunga mwenyewe Jumapili: alikata waya wa breki kutoka kwenye balbu, akaupeleka kwenye mkanda.

Sikumgombeza, maana na mimi nilishayafanya. IST yangu, mwaka 2019. Nilinunua mkanda wa mita 1 Kariakoo, nataka uwake kidogo nikiwasha taa za usiku, na uwake kwa nguvu nikikanyaga breki. Nikachukua waya wa taa za usiku na waya wa breki nikavifunga pamoja, tepu juu, kazi imekwisha. Mke kasimama nyuma, mimi ndani. "Kanyaga!" Nikakanyaga. "Zimewaka!" Lakini na dashibodi imewaka mbele yangu, na taa za namba, na mwanga wa vitufe vya redio, huku swichi ya taa nimeizima. Gari zima kama ukumbi wa harusi.

Nikaona si tatizo. Tatizo lenyewe lilikuwa usiku, na sikulijua kwa sababu mimi niko mbele: nikiwasha taa, balbu za breki nazo zinawaka moja kwa moja. Wa nyuma yangu hawezi kujua nimekanyaga saa ngapi. Nilitembea hivyo wiki 3, mpaka fyuzi ya taa za usiku ikakatika karibu na Chalinze saa 2 usiku, nyuma pakawa giza na malori yananipita. Watoto walikuwa wamelala kiti cha nyuma.

Jana ndiyo nimeelewa nilikuwa nawapa watu wengine kitu gani. Wenye uzoefu, mwageni hapa.

Mwana Likoni

Hilo la kukanyaga breki dashibodi ikawaka nalijua sana. Yangu ilikuwa Probox.

Waya Mwekundu

Mimi ni fundi umeme wa magari. Baba Wawili, ulikosa daiodi mbili za shilingi chache. Waya wa taa za usiku unapita daiodi yake, wa breki unapita yake, ndipo vinakutana kwenye mkanda. Umeme unakwenda mbele, kurudi hauwezi. Upande wenye mstari ndio unaoelekea kwenye taa. Ile ya 1N4007 inabeba ampea 1, na mkanda wa mita 1 wenye taa 60 za ile aina ndogo (3528) unakula karibu nusu ampea. Kwenye waya wa taa za usiku ongeza rizista ndogo, kile kipande kinachopunguza umeme, ili mwanga upungue, breki ionekane tofauti.

Na balbu za breki HAZIGUSWI. Mkanda ni nyongeza.

Dada wa Tukuyu

Huku kwetu ukungu unakaa barabarani mpaka saa 4 asubuhi, ndiyo maana nilitaka taa kali nyuma. Nikanunua balbu za LED nyeupe, nikachomeka kwenye taa za breki, nikajua kioo ni chekundu basi mwanga utatoka mwekundu. Ukatoka wa waridi, rangi ya gauni la mtoto. Kaka yangu alikuwa ananifuata na pikapu, akanipigia simu: "Dada, nakuona hafifu kuliko zamani." Kumbe LED nyeupe ina wekundu kidogo sana ndani yake. Kioo chekundu weka LED nyekundu, cha indiketa weka ya chungwa. Nililipa mara mbili.

Kipanga

Hizo zote ni mbwembwe. Balbu ya kiwandani wati 21 inatosha. Mnaharibu magari ya watu.

Dada wa Tukuyu

Njoo Tukuyu mwezi wa 6 na hiyo balbu yako uniambie kama inatosha.

Waya Mwekundu

Kipanga, kuna jambo unalisahau. Balbu ya kawaida lazima waya wake upate moto kwanza, kama sekunde 0.2 hivi ndiyo inawaka vizuri. LED inawaka papo hapo. Gari la nyuma liko kilomita 80 kwa saa, hiyo sekunde 0.2 ni zaidi ya mita 4. Baba Wawili jana alibaki na urefu wa gari moja. Piga hesabu mwenyewe.

Kipanga

Sawa kwenye hiyo hesabu. Lakini hiyo ni LED iliyofungwa na mtu anayejua. Wengi wanasokota waya kwa vidole, wanazungusha tepu. Tepu ya joto la Dar baada ya miezi miwili inateleza yenyewe kama ganda la ndizi.

Mwana Likoni

Tepu haina kosa, kosa ni la mfungaji. Mimi nimefunga kwa tepu na iko mwaka wa tatu.

Waya Mwekundu

Mwaka wa tatu Likoni, na chumvi ile? Hebu ifungue leo uangalie.

Mwana Likoni

Waniona mwongo?

Waya Mwekundu

Sikuoni mwongo, kaka. Ifungue tu.

Mjukuu wa Same

Nilikuwa nasoma bila nia ya kuandika, lakini mmenikumbusha kitu ambacho nyumbani hatukizungumzi.

Mwaka 2021 nilibadilisha indiketa za nyuma kuwa LED. Mnajua kinachofuata: LED inakula umeme kidogo, flasha, kile kifaa kinachopepesesha indiketa, inadhani balbu imeungua, indiketa inapepesa mbio mbio. Muuzaji akanipa dawa, rizista mbili, zile zenye ganda la rangi ya dhahabu, zimeandikwa 50W 6 omu. Nikaunganisha kila upande, indiketa ikatulia. Sikutaka kutoboa bodi, nikazifunga kwa tepu nyuma ya plastiki ya pembeni mwa buti. Miezi mitano hakuna shida, kwa sababu indiketa unaiwasha unapokata kona, unazima.

Baba mdogo akafariki Dar. Tukasafirisha mwili kwenda Same, magari 7, tumetoka saa 4 usiku. Msafara wa msiba mnaujua: kila gari limewasha hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, kuanzia mlangoni. Saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilikuwa wa mwisho, nimebeba shangazi zangu watatu, na kwenye buti magunia mawili ya mchele, dumu la mafuta ya kupikia lita 20 na turubai. Tumekaribia Korogwe, shangazi mkubwa akasema, "Mwanangu, nasikia harufu ya sufuria iliyoungulia." Nikamwambia ni lori la mbele. Aliniamini.

Dakika tano baadaye nikaangalia kioo cha ndani, sioni nyuma. Nikadhani ni ukungu. Ulikuwa moshi.

Nilisimama vibaya, nusu ya gari barabarani. Shangazi wawili walitoka wenyewe, mkubwa ana miguu mibovu nilimvuta kwa mabega. Nikafungua buti, na hewa ilipoingia ndipo moto ukainuka, kona ya turubai inawaka, plastiki inadondoka matone kwenye gunia. Dumu la mafuta liko kushoto, moto uko kulia, katikati gunia moja la mchele. Nililivuta lile dumu nikalitupa kwenye majani. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo, nikabana, ukatoa pumzi tu. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yetu alishuka na ndoo ya mchanga, ndiye aliyeuzima. Jina lake sikulishika na mpaka leo linanisumbua.

Magari 6 ya mbele hayakujua. Tuliwapigia simu wakiwa wameshapita Korogwe. Shangazi alikaa kwenye gunia la mchele lililoungua upande mmoja, akaendelea kumlilia kaka yake pale pale, kando ya barabara, na mimi nimesimama nina tochi ya simu mkononi nasoma maandishi kwenye rizista. 50W. Ganda lake lina mifereji, na mifereji ile ilikuwa imejichora kwenye plastiki kama muhuri.

Dada wa Tukuyu

Poleni sana, ndugu yangu. Nimesoma mara mbili.

Kaka wa Kibaha

Shangazi alipona?

Mjukuu wa Same

Alipona, yupo. Hapandi gari langu mpaka leo, na simlaumu.

Waya Mwekundu

Pole sana mkuu. Ngoja nieleze ili mwingine asirudie. Gari likiunguruma volti inafika kama 14. Omu 6 kwa volti 14 ni karibu wati 33, kila inapowaka, na zote zinageuka joto. Hiyo 50W iliyoandikwa ni pale tu imefungwa kwa bolti kwenye chuma kinachonyonya joto. Ikining'inia au ikilazwa kwenye plastiki, haifai kabisa. Dawa nzuri zaidi ni kubadilisha flasha, uweke ya kielektroniki inayokubali LED, rizista hutaihitaji.

Kipanga

Ndiyo maana nikasema wati 21 za kiwandani.

Kaka wa Kibaha

Flasha haibadilishiki kwenye kila gari, mengine iko ndani ya kompyuta ya gari. Hapo ni rizista kwenye chuma au urudi kwenye balbu. Mimi nilirudi. Breki nimeacha LED, indiketa balbu ya kawaida, nalala usingizi.

Chakubanga

Msafara ujao wa msiba tutakodi basi.

Dada wa Tukuyu

Hapo si pa utani.

Chakubanga

Samahani, dada. Samahani, Mjukuu.

Mwana Likoni

Waya Mwekundu, nimeifungua. Chini ya tepu, shaba imekuwa kijani, nimegusa ikakatika mkononi. Breki ya kulia ilikuwa inashikiliwa na nyuzi mbili. Nataka kuunga waya kwa kuchomea risasi (solda) safari hii, nianzie wapi?

Waya Mwekundu

Ahsante kwa kusema, kaka. Kwangua shaba mpaka ing'ae. Ikiwa ya kijani mpaka ndani, kata hadi upate nzima. Chomea risasi, vika mpira unaosinyaa kwa joto, KISHA tepu juu. Waya ukipita kwenye bawaba ya mlango wa buti upitishe ndani ya mpira wake wa asili, usiuache ukasagwa na bati. Na weka fyuzi ya ampea 1 pale unapochukulia umeme, si kule kwenye taa.

Baba Wawili

Yule kijana wa Noah alikuja nyumbani leo asubuhi. Tumemrudishia waya kwenye balbu zake, mkanda tumeuweka na daiodi mbili. Mke wangu kasimama nyuma kama zamani, safari hii nimemwomba aende mpaka getini, kama hatua thelathini, aseme anaona nini kutoka kule. Mjukuu wa Same, nilimsomea kijana habari yako yote. Ile plastiki bado unayo?

Mjukuu wa Same

Ninayo. Iko kwenye droo ya dashibodi. Mwambie akitaka kuiona nitampigia picha.

Mgeni 77

Samahani wakuu, Passo ya 2008 flasha yake iko upande gani?