Betri ya sola inazima alfajiri, ninunue nyingine au hii itapona?

MamaTash_Utawala
Habari za jioni wadau. Nina sola ya nyumbani hapa Utawala: paneli 2 za wati 150, betri moja ya maji ya 200Ah na inverta ya wati 1000. Jioni tunawasha taa, TV, king'amuzi na waifai, halafu friji ndogo inalala ikifanya kazi. Mwaka wa kwanza hakukuwa na shida. Tangu Juni inverta inaanza kulia usiku wa manane, na alfajiri nyumba ni giza. Fundi anataka ninunue betri nyingine aiunge na hii. Duka moja pale Luthuli wananiambia nilete pesa ya lithiamu tu. Kabla sijatoa hata shilingi, hii inaweza kuokolewa?

Kondakta_wa_Jua
Mpya na kuukuu haziungwi! Ile dhaifu itakuwa inainyonya mpya kila usiku, mwishowe utazika zote mbili. Huyo fundi muulize kama ana leseni ya EPRA, wale wasimamizi wa nishati.

Mzee_Ruai
Mama Tash, tupige hesabu kwanza. 200Ah mara volti 12 ni Wh (wati-saa) 2,400. Betri ya risasi kama hii yako ya maji ukitaka idumu unatumia nusu, yaani 1,200. TV, taa na hivyo vingine ni kama wati 110, kwa saa tano ni 550. Friji usiku kucha weka 500. Ongeza kinachopotea kwenye inverta, umeshafika ukingoni.

Sasa angalia upande wa kuchaji. Julai Nairobi unaijua, mawingu mpaka saa sita. Tuseme umepata saa tatu za jua la maana: paneli zako zinatoa 900, na baada ya hasara za njiani labda 650 ndizo zinaingia. Kila siku unatoa kuliko unavyoweka. Betri ikikaa wiki nzima bila kujaa, salfeti ya risasi inaganda kwenye bamba, na ikishakomaa haitoki tena. Hicho ndicho kinachoua betri nyingi hapa mjini, watu wanalaumu kampuni bure.

Pima volti za betri alfajiri kabla jua halijatoka, kila kitu kikiwa kimezimwa. 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 unakula maisha yake. Fungua na vifuniko uangalie maji.

Waya_Mwekundu
Na angalia inverta imeungwa wapi. Mafundi wengi huifunga moja kwa moja kwenye betri, kwa hivyo kontrola, kile kifaa kinacholinda chaji ya betri, haina uwezo wa kuizuia. Inverta za bei nafuu nyingi hukata kwenye volti 10.5, wakati betri ilishaumia zamani. Tafuta inayokubali kuwekwa ikate karibu 11.8.

MamaTash_Utawala
Asanteni. Imesoma 11.7. Waya wa inverta kweli umeenda moja kwa moja. Seli mbili maji yameshuka mpaka bamba zinaonekana. Kijana wa hapa huwa anaongeza maji ya mfereji.

Mzee_Ruai
Ya mfereji hapana, na ya kisima ndiyo mabaya zaidi, yamejaa madini. Nunua maji ya betri petroli stesheni. Soma chupa vizuri, kuna wanaokupa asidi, nayo si ya kuongezea. Hizo seli mbili weka maji yafunike bamba tu, chaji mpaka ijae, halafu ndiyo uongeze mpaka alama. Ukijaza kabla, itamwaga asidi ikichemka. Vaa miwani. Kisha azima haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, upime kila seli.

Kondakta_wa_Jua
Mimi nakinga ya mvua na sijaona shida.

Mzee_Ruai
Yaliyopita kwenye mabati yenye vumbi la Eastern Bypass? Haya.

MamaTash_Utawala
Jumapili kulikuwa na jua zuri, ikachaji mchana wote bila kutumiwa. Seli tano ziko kati ya 1.230 na 1.240. Moja imegoma kwenye 1.130. Jirani anasema niweke chumvi ya Epsom.

Waya_Mwekundu
Pengo likizidi 0.050 hiyo seli imekwenda, na chumvi haitaifufua. Lithiamu ni nzuri, inavumilia kutumiwa asilimia 80 ya chaji yake kwa maelfu ya mizunguko ya kuchaji na kutumia, lakini hakikisha kontrola yako ina mpangilio wake. Na haileti jua la Julai: ongeza paneli kwanza. Friji iwashe saa nne asubuhi mpaka saa kumi, ugandishe chupa za maji humo zishike baridi usiku.

MamaTash_Utawala
Friji inazimwa leo leo. Hii kuukuu nifanyeje?

Mzee_Ruai
Uliza atakayekuuzia mpya, wengi huichukua na kukupunguzia bei kwa sababu ya risasi iliyo ndani. Ibebwe wima na asidi yake. Akikwambia umwage asidi kwenye mtaro kwanza, tafuta duka lingine.