Mashine ya kukaushia nguo inaunguza shuka, fundi anasema ninunue hita mpya

Dobi wa Sinza
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha dobi hapa Sinza, nafua zaidi shuka na taulo za gesti. Masika haya kamba haina kazi, shuka inashinda siku mbili na bado inanuka ukungu, kwa hiyo mashine ya kukaushia ndiyo inayonilisha. Ni ya umeme, yenye bomba la kutoa hewa nje. Niliinunua mtumba.

Tangu wiki iliyopita inachemka kupita kiasi. Juzi nimetoa shuka nane nyeupe, pindo zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, vifungo vya foronya vimelainika hadi vinabonyea kwa kidole. Halafu katikati ya rundo nguo bado mbichi! Mwenye gesti nimemlipa shuka zake zote, sikubishana naye.

Miezi miwili nyuma iligoma kupasha, ikawa inazunguka baridi tu. Fundi alikuja, akafungua nyuma, nusu saa ikawaka. Huyohuyo jana kasema hita imechoka, ninunue mpya. Chujio nalisafisha kila mzigo. Kabla sijatoa hela naomba kujua: hita iliyochoka inaweza kuunguza nguo?

Fundi friji Tabata
Pole sana dada. Hita ikichoka inakatika, na ikikatika hupati joto kabisa. Usinunue bado.

Mimi kinachonitia hofu ni ile mara ya kwanza. Alibadilisha kifaa gani? Alikuonyesha kilichokufa? Karibu na hita kuna fyuzi ya joto, kidude kidogo chenye waya mbili. Kazi yake ni kukata umeme joto likipita kiwango, na ikishakata haifufuki. Dalili yake ndiyo hiyo, mashine inazunguka baridi. Dawa ni kuweka mpya na kutafuta kwa nini iliungua, lakini wapo wanaochuna waya na kuunganisha pande mbili wakaondoka. Chomoa plagi, fungua bati la nyuma, utuwekee picha.

Mama wa Mbagala
Mwanangu, na plagi uiangalie. Kama inapitia ekstensheni, iondoe, ichomeke ukutani. Na usiiache ikizunguka ukaenda sokoni, hata dakika kumi. Manyoya ya nguo yanashika moto kama pamba ya godoro.

Dobi wa Sinza
Shikamoo mama, plagi iko ukutani na ni safi, nashukuru.

Fundi, nimefungua. Fyuzi ipo palepale, na juu yake kuna kipande cha waya mwekundu kimeunganisha pande zote mbili, kimezungushiwa selotepu nyeusi. Selotepu imeyeyuka imegandia kwenye bati. Miezi miwili mwanangu amekuwa akilala chumba cha pili, ukuta mmoja na hiyo mashine. Nimekaa chini kwanza.

Fundi friji Tabata
Ung'oe huo waya leo, na mashine isifanye kazi ya wateja mpaka fyuzi mpya iingie. Ila fyuzi haikuungua bure. Ama themostati, kile kidude kinachokata na kurudisha hita kufuatana na joto, imenasa, ama hewa haitoki. Themostati ya kawaida inakaa kwenye njia ya hewa inayotoka. Njia ikiziba, hewa ya moto haiifikii, yenyewe inaona bado kuna baridi, na hita inaendelea kuwaka. Ndiyo maana unapata pindo zilizoungua na katikati mbichi: moto upo, ila unyevu hauna pa kutokea.

Kabla ya kuung'oa, jaribu hivi mara moja tu, ukiwa umesimama hapohapo na mkono kwenye swichi. Zima kila kitu ndani, hata friji. Chomoa bomba la hewa nyuma, fungua dirisha, weka taulo mbili mbichi, washa. Mtu mwingine aangalie kile kitaa cha mita ya umeme ya LUKU kinachopepesa. Hita ikiwaka kinapepesa haraka, themostati ikikata kinapungua kasi, inabaki mota tu. Kikipungua na kurudi, themostati ni nzima na ugonjwa uko kwenye bomba. Kisipopungua, zima mara moja.

Dobi wa Sinza
Nimejaribu, kijana wangu akiwa kwenye LUKU. Dakika ya kumi na kitu akapiga kelele, "Mama, kimepungua!" Baada ya muda kikarudi, kikapungua tena. Taulo zimekauka bila kuungua.

Nikafuata bomba hadi nje. Mwezi wa Desemba nilifunga wavu wa dirishani pale mwisho, kuzuia mbu na panya. Umejaa manyoya ya kijivu, mazito na yenye unyevu kama blanketi, nimeyabandua kwa mkono kipande kizima. Na bomba lenyewe la plastiki limelegea katikati, pale lilipobonyea kuna maji.

Fundi friji Tabata
Hapo ndipo penyewe. Wavu hauwekwi kwenye bomba la mashine hiyo, hata ule wenye matundu makubwa. Weka kifuniko cha vibao vinavyofunguka kwa upepo na kujifunga mashine ikizimwa, panya hapiti. Plastiki itupe, chukua bomba gumu la alumini, fupi, kona chache. Fyuzi nenda nayo Kariakoo ile ya zamani, joto na ampea zimeandikwa ubavuni, upate namba zilezile. Muuzaji akikwambia ya joto kubwa zaidi itadumu, kataa. Na manyoya yaliyoingia ndani, kwenye feni na kuzunguka hita, yasafishe kwa brashi kabla hujafunga bati.

Dobi wa Sinza
Waya mwekundu umetoka, bati bado liko wazi. Ndani ya feni nimetoa manyoya nusu ya mfuko wa rambo. Kesho asubuhi nashuka Kariakoo na fyuzi mkononi. Wateja wa gesti nimewapigia, shuka zao zitafika Alhamisi.