Naomba ushauri: tumekwama kwenye riwaya ya Umberto Eco

Msomaji wa Usiku ameandika:

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie. Sisi ni watu watano tunaosoma riwaya moja pamoja na kukutana kuijadili, na safari hii mimi ndiye niliyependekeza *Il nome della rosa*, yaani Jina la Waridi, ya Mtaliano Umberto Eco, ambayo tunaisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya William Weaver. Nilivutwa kwanza na habari za mwandishi mwenyewe: profesa wa elimu ya ishara katika Chuo Kikuu cha Bologna, mtu aliyeanza kwa kuchambua falsafa ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, kisha mwaka 1980, akiwa na miaka 48, akatoa riwaya yake ya kwanza.

Sasa tumefika ukurasa wa 90 hivi na wenzangu wawili wameshaweka kitabu chini. Wanasema kwamba kila wanapotaka kujua nani anawaua watawa wa abasia (nyumba ya watawa) inayosimuliwa humo, wanakutana na mabishano kuhusu iwapo Kristo na mitume wake walimiliki mali, pamoja na Kilatini kisichofasiriwa. Mimi hata ninapopotea nahisi naongozwa na mtu anayeijua njia, na upendo wangu kwa mwandishi huyu unazidi kukua, lakini nashindwa kuwaeleza wenzangu kwa nini. Je, turuke sehemu hizo? Tuanze na kitabu chake kingine? Au tusome kwanza historia ya karne ya 14?

Mkutubi Mstaafu amejibu:

Ndugu, msiruke. Mwaka 1983 Eco alichapisha maelezo yake kuhusu riwaya hii, na humo anasimulia kwamba marafiki na wahariri walimshauri apunguze kurasa 100 za mwanzo kwa sababu zilikuwa nzito, naye akakataa. Hoja yake ni kwamba anayetaka kuingia katika abasia ile na kukaa humo siku saba hana budi kuukubali mwendo wa mahali penyewe, kama vile apandaye mlima anavyolazimika kujifunza kupumua kwa namna mpya. Kwa hiyo uzito wanaoulalamikia wenzako si ishara kwamba hawana uwezo wa kusoma. Uliwekwa pale kwa makusudi.

Kuhusu yale mabishano ya umaskini wa Kristo, hapo ndipo ninapomheshimu zaidi Eco. Hadithi inatokea mwaka 1327, wakati Papa Yohane XXII anakaa Avignon na amekosana na Kaisari Ludwig wa Ujerumani pamoja na viongozi wa Wafransisko, shirika la watawa walioshikilia kwamba Kristo na mitume hawakumiliki mali. Ikikubalika kwamba Kristo hakumiliki kitu, swali linalofuata ni la utajiri wa Kanisa, na swali hilo mtawala anayeshindana na Papa hawezi kuliacha lipite. Wajumbe wa pande hizo mbili wanatarajiwa kukutana katika abasia ile ile, na ndiyo maana abate, mkuu wa abasia, anamsihi William wa Baskerville, mtawa Mfransisko ambaye ndiye mpelelezi wa riwaya, afumbue kifo cha mtawa wa kwanza kabla hawajawasili. Ukiruka mjadala, hutaelewa kwa nini abate ana haraka.

Mwana wa Ruvuma amejibu:

Nakubaliana na Mkutubi. Mimi nilikulia si mbali na Abasia ya Peramiho ya Wabenediktini, na watawa wa riwaya hii ni wa shirika hilo hilo. Nilipoona sura zimegawanywa kwa saa za sala, kuanzia zile za usiku hadi Masifu ya Jioni na sala ya kabla ya kulala, nilihisi nasikia kengele niliyoizoea utotoni. Kwa kuwa kitabu kina siku saba, kutaneni mara saba, kila mara mjadili siku moja. Kilatini msikihangaikie, mara nyingi mazungumzo yanayofuata yanatoa maana ya kutosha, na Adso, kijana anayesimulia, anauliza maswali ambayo nasi tungeyauliza.

Bi Waraka amejibu:

Mimi nawaza tofauti kidogo: wale wawili wasilazimishwe. Eco niliyempenda kwanza si wa riwaya. Nilipokuwa naandika tasnifu yangu nilisoma mwongozo wake wa mwaka 1977 kwa wanafunzi wanaoandika kazi za aina hiyo. Humo anaeleza jinsi alivyonunua Paris, kwa kuvutiwa na jalada tu, kitabu cha zamani cha padri mmoja asiyejulikana, na alipokisoma bila kutarajia mengi akapata wazo lililomfungulia fundo katika utafiti wake mwenyewe. Anauita unyenyekevu wa msomi, kwamba usimdharau mwandishi yeyote. Tangu siku hiyo sijawahi kuiona elimu yake kuwa majivuno. Ila msihamie riwaya yake nyingine, *Il pendolo di Foucault* ya mwaka 1988, mkidhani mtapumzika, maana ni nzito zaidi.

Msomaji wa Usiku ameandika:

Asanteni sana, ndugu zangu. Sikuwa nimeuona uhusiano kati ya mjadala wa umaskini na haraka ya abate, nami nimerudia sura zile jana usiku nikiwa na hamu mpya. Tutafuata shauri la siku saba, na Jumamosi tunaanza upya na Siku ya Kwanza. Wale wawili nimewaomba waje hata kama hawajasoma neno. Nitawasomea kwa sauti pale William anapopanda mlimani, anaona nyayo kwenye theluji na matawi yaliyovunjika, kisha anawaeleza watumishi farasi wa abate amepita wapi na yukoje, ingawa hajawahi kumwona.