Haipokloraiti au klorheksidini? Naomba ushauri wa kuosha mizizi ya jino

Mchanga wa Meno:
Habari zenu wakuu. Mimi ni daktari wa meno, sina muda mrefu kazini. Juzi nilikuwa naosha ndani ya mizizi ya gego la chini. Nilitumia haipokloraiti ya sodiamu asilimia 5.25, nikaona nimalizie na klorheksidini asilimia 2 ili bakteria wasibaki. Papo hapo likatokea tope la rangi ya chungwa ikielekea kahawia, na kijiti cha karatasi cha kukaushia kikatoka kimepakaa. Nilishtuka, nikaweka kalisiamu haidroksaidi, dawa ya kukaa ndani ya mzizi kati ya ziara, nikaziba kwa muda. Nimekosea wapi? Na kati ya hizo mbili, ipi bora?

Bibi Gego:
Pole mdogo wangu. Dawa zote mbili ni nzuri, kosa ni kuzikutanisha. Zikigusana ndipo linatokea tope hilo, linaziba vitundu vya dentini, yaani sehemu ngumu iliyozunguka tundu la mzizi, na kulitia jino rangi.

Bora ni haipokloraiti, sisiti kusema. Inaua bakteria na inayeyusha nyama iliyokufa. Klorheksidini inaua, tena inang'ang'ania dentini muda mrefu, lakini mabaki ya nyama inayaacha palepale. Na mzizi si bomba lililonyooka: una vichochoro ambavyo faili, kile kijisindano cha kukwangulia, haivifikii kamwe. Huko usafi unategemea dawa.

Mzee wa Faili:
Naongezea EDTA, dawa inayoyeyusha madini. Faili ikikwangua inaacha ukoko kwenye kuta, na haipokloraiti peke yake haiuondoi kwa sababu una madini. EDTA asilimia 17, dakika moja hivi, mwishoni, inautoa. Usiiache sana, inakula dentini. Usiichanganye na haipokloraiti pia, inaimaliza klorini yake.

Mchanga wa Meno:
Asanteni sana. Je, asilimia 5.25 si kali mno? Nasikia wengine wanatumia 1.

Bibi Gego:
Wapo wanaotumia hata 0.5. Iliyo kali inayeyusha haraka, ila hata hafifu inafanya kazi ukiibadilisha mara kwa mara na kwa wingi. Dawa iliyokaa mzizini inachoka. Kama ncha ya mzizi bado iko wazi, tumia asilimia ya chini.

Sindano Taratibu:
Jamani, mnaongelea asilimia mnasahau mkono! Mimi sindano ilinibana mzizini nami nikasukuma. Mgonjwa alikuwa na ganzi kamili, lakini aliruka kwenye kiti, na shavu likavimba nikiliangalia. Dawa ilikuwa imepita nje ya ncha ya mzizi. Nilimfuatilia kwa wiki nzima bila amani moyoni. Sasa natumia sindano nyembamba ya geji 30 yenye tundu ubavuni, alama naiweka milimita 2 kabla ya urefu wa kazi, yaani kina cha mwisho ninachosafisha mzizini, sindano inacheza juu chini muda wote, na nasukuma kwa kidole cha shahada, si gumba. Raba ya kutenga jino ni lazima.

Mchanga wa Meno:
Nimekuelewa, daktari. Mgonjwa anarudi kesho. Nianzie wapi?

Mzee wa Faili:
Toa kalisiamu yote, pitisha faili taratibu kukwangua lile tope, osha kwa haipokloraiti. Suuza kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha EDTA, kisha maji ya chumvi tena, kausha. Kijiti kikitoka cheupe na kikavu, na jino halimuumi, ziba. Kikitoka na rangi, rudia kuosha.